Kusoma makaburi ya enzi za Mjerumani: acha chaki nyumbani

Jamani huku kanda ya ziwa watu wakienda kutafuta kaburi la zamani kitu cha kwanza wanabeba chaki, wengine unga kabisa, wanapaka jiwe zima ili herufi zionekane. Acheni. Ule unga unaingia kwenye vitundu vya jiwe na hautoki wote, na ukija kukwangua kwa brashi ya chuma au kumwagia Jik ndo umemaliza kaburi la watu.

Mi natumia tochi ya simu tu. Usimulike kwa mbele, hutaona kitu, weka simu pembeni karibu iguse jiwe ili mwanga ulale juu yake, hapo kila herufi inatupa kivuli na jina linatoka lenyewe. Mchana jua kali chukua kioo ulirudishe jua kwa pembeni. Kama kuna vumbi, maji safi na brashi laini inatosha, ila jiwe likiwa linabanduka usiliguse kabisa.

Sasa kusoma. Mwingereza aliichukua Mwanza 1916, kwa hiyo kabla ya hapo tegemea Kijerumani: nyota ni tarehe ya kuzaliwa, msalaba mdogo ni ya kufa, wala nyota sio pambo. Zile herufi zao za kona kona zina s ndefu inafanana na f, utasoma "geft" unaanza kuumiza kichwa kumbe ni "gest.", yani amefariki. Lakini sio kila la zamani ni la Mjerumani, mapadri wa White Fathers, wale wamisionari Wakatoliki, walifika Bukumbi karibu na Mwanza 1883, serikali ya Kijerumani haijafika huku, kwa hiyo kaburi la padri tegemea Kilatini.

Kuna wanaouliza mbona yetu hayana michoro kama ya Boston kule Marekani, pale kwenye makaburi ya Granary ya tangu 1660. Wale walichonga kwenye sleti, jiwe laini, ndo maana wakaweza fuvu lenye mabawa, baadae sura ya malaika, baadae tena chungu na mti wa majonzi. Graniti yetu hii ni ngumu na ina chenga, mchongaji anaishia msalaba na jina. Mi hata hivyo napenda zaidi yale ya saruji, fundi kaandika kwa msumari ikiwa mbichi, mstari umepanda umeshuka na herufi ya mwisho imebanwa ukingoni.

Na kabla ya yote pita kwa paroko au mzee wa pale umwamkie, uombe ruhusa, usiruke ukuta na simu mkononi.