Muulize Bibi Fundi: Laki nne na mashindano ya uvumbuzi

*Shikamoo Bibi Fundi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya kata, Pongwe, mkoani Tanga. Mkuu wa shule amenikubalia niandae mashindano ya uvumbuzi, na wazazi wamechanga laki nne. Wenzangu wanasema tununue simu janja iwe zawadi, watoto wavutike. Mimi naogopa mambo mawili: watoto kunakili vitu vya YouTube, na wazazi kwenda kwa mafundi kuwatengenezea. Nifanyeje?*
*Mwalimu kijana, Pongwe*

Marahaba, mwanangu. Hilo la mafundi lilishanikuta. Mara ya kwanza kuandaa mashindano ya namna hiyo, katika shule nisiyoitaja maana wahusika bado tunasalimiana pale soko la Mgandini, zawadi ilikuwa baiskeli mpya. Mvulana mmoja akaleta redio, lehemu zake zimekaa kama shanga. Tukamtangaza mshindi. Baadaye, kwa udadisi wangu tu, nikampa bisibisi: "Hebu ifungue unionyeshe spika imeungwa wapi." Akaigeuza, akaigeuza tena, mwisho akasema, "Mwalimu, skurubu zake anazijua mjomba." Baiskeli ilikwishatoka, na aliyekuwa akizunguka nayo Ngamiani ni mjomba mwenyewe.

Kwa hiyo simu janja iacheni dukani. Zawadi nono humwamsha mjomba.

Tena usiwaambie watoto "vumbueni kitu". Ukisema hivyo watakuletea roboti la boksi lenye macho ya taa. Wiki mbili za mwanzo waombe kero tu: kila kikundi cha watu watatu kilete tabu moja waliyoiona kwa macho yao, na wamtaje anayeipata. Hapo hata YouTube haikusumbui. Mtoto akinakili kitu cha watu halafu akahangaika nacho mpaka kikafaa nyumbani kwao, huyo amefanya kazi.

Nina mfano ninaoupenda. Msichana wa kidato cha pili, mama yake anaanika dagaa. Masika yakishika, dagaa wanaozea chanjani. Akatengeneza sanduku la mbao, ndani kapaka rangi nyeusi, juu kafunika nailoni angavu. Jua likawaka vizuri, jioni akafungua: dagaa wameiva kwa mvuke, wamelowa kuliko walivyoingia, na harufu usiniulize. Hakuwa ameacha tundu. Joto lipo, lakini unyevu hauna pa kutokea. Katika daftari lake aliandika, "Nimepika badala ya kukausha." Sanduku la pili akatoboa chini mbele na juu nyuma, hewa baridi iingie na ya moto ipande itoke, matundu akayaziba kwa kipande cha chandarua kuzuia nzi. Wakakauka. Waamuzi wakampa nafasi ya tatu kwa sababu sanduku lilikuwa limepinda! Mpaka leo nikikumbuka nanuna.

Ndiyo maana nakusihi upange alama kabla hujapanga viti. Katika 100, mimi ningetoa 30 kwa kero yenyewe, 40 kwa majaribio yaliyoandikwa daftarini, yaliyoshindwa yakiwemo, 20 kwa maelezo ya mtoto akiwa peke yake mezani, na 10 kwa sura. Bisibisi iwepo mezani. Daftari likaguliwe kila Ijumaa, lisije likaandikwa lote usiku wa kuamkia maonyesho. Na waamuzi wasiwe walimu watupu. Mwite fundi wa boti, mwite mama lishe, yeye atauliza swali ambalo wewe na digrii yako hutaliwaza.

Wachague wasiocheka watoto. Mkoa huu wetu unalo somo lake. Mwaka 1963, Magamba Sekondari kule Lushoto, Erasto Mpemba wa kidato cha tatu aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto kwa kugombea nafasi, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza kwa nini, alichekwa darasani. Aliendelea kuuliza mpaka akampata Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, aliyekubali jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na wanasayansi wanabishana hadi leo juu ya kitu kinachoitwa kwa jina la Mpemba.

Hela sasa. Vikundi 12, kila kimoja 15,000 ya vifaa, hiyo ni 180,000. Zawadi 100,000: koleo, bisibisi, mita ya kupimia umeme, vitu vya kuendelea kufanyia kazi. Chakula na nauli za waamuzi 80,000. Arobaini inayobaki ishike wewe, kuna siku gundi itakwisha. Mota chukueni kwenye deki mbovu. Umeme wa ukutani marufuku, betri ya volti 12 inatosha.

Anza Februari umalize kabla ya likizo ya Juni. Ukisogea karibu na mitihani ya Novemba hutampata mtu. Watakaofanya vizuri waandikishe Young Scientists Tanzania au MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019.

*Bibi, sisi ni wanafunzi Muheza. Tumebuni kifaa cha kuchumia machungwa bila kupanda mti. Tukikionyesha kwenye mashindano, si tutaibiwa?*

Wajukuu zangu, hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichobuni, hutolewa kwa kitu kipya, na kukianika hadharani kabla ya kuomba kunaweza kuuondoa huo upya. Mkiona kweli hakijawahi kuwepo, nendeni na mwalimu wenu mkawaulize BRELA, wakala wa serikali anayesajili biashara na hataza, kwanza. Lakini kabla ya nauli hiyo, zungukeni mashamba matano mkaangalie wachumaji wanatumia nini. Kama ni ufito mrefu wenye kopo na wembe nchani, huo hata babu yangu alikuwa nao. Chenu kinauzidi nini? Niandikieni hilo.