Sigara imemaliza homoni zangu? Pima kwanza, vidonge viache

Mkuu, umeuliza kama miaka zaidi ya kumi ya sigara ndiyo imemaliza homoni zako, na kama ununue vidonge vya kupandisha testosteroni (homoni kuu ya kiume) ulivyoshauriwa. Viache kwanza. Mimi nilipimwa, testosteroni ikaonekana ya kawaida kabisa, na jogoo bado alikuwa hawiki vizuri.

Wengi wanaamini sigara inaua testosteroni. Tafiti nyingi hazijakuta hivyo: wavutaji huwa sawa na wasiovuta, wakati mwingine hata juu kidogo. Kinachoumia ni mabomba. Msisimko ukija, utando wa ndani ya mishipa ya damu hutoa naitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa ili damu ijae kwenye uume. (Waliogundua kazi ya gesi hiyo mwilini, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.) Moshi unauharibu utando huo na gesi inapungua. Nikotini nayo inaibana mishipa palepale unapovuta. Sasa hapo ukimeza cha kupandisha homoni, unatibu nini?

Daktari alinichorea nyuma ya fomu ya maabara duara mbili. Ndogo ni mshipa wa uume, upana wake milimita 1 hadi 2. Kubwa ni mshipa wa moyo, milimita 3 hadi 4. Ugonjwa unaoziba mishipa ni uleule, ila mwembamba unaonyesha dalili mapema, wakati mwingine miaka kabla ya moyo. Ndiyo maana aliniuliza zaidi kuhusu kifua na kupanda ngazi kuliko kuhusu chumbani, akaagiza presha, sukari na kolesteroli. Nilikwenda kwa jambo moja, nikatoka nikiuwaza moyo.

Swali lake lingine: alfajiri unaamka umesimama? Kama alfajiri mambo yako sawa lakini ukiwa na mwenzako yanakataa, mara nyingi ni mawazo au hofu. Kama hakuna kote, hapo ndipo mishipa, neva au homoni vinachunguzwa. Na testosteroni ipimwe asubuhi, kwa sababu mchana hushuka. Ikitoka chini, irudiwe kabla hujaanzishiwa chochote.

Sasa tuje kwenye kuacha sigara. Mwanzoni arosto, ile hali ya mwili kudai nikotini, ilinipiga, usingizi hakuna, hasira za bure, na hamu ya tendo ikashuka badala ya kupanda. Wengi hurudia hapo, wakiamini sigara ndiyo ilikuwa inawabeba. Subiri. Kwangu alfajiri ndiyo ilirudi kwanza, taratibu, mengine yakafuata. Si kila mtu hurudi kama zamani. Umri, sukari na miaka uliyovuta vina uzito wake. Plasta za nikotini zilinisaidia: nikotini ipo, lakini moshi na kaboni monoksaidi havipo, na unapunguza nguvu yake hatua kwa hatua. Kuhamia shisha si kuacha, ule ni moshi uleule. Vidonge vya bluu (Viagra) usijinunulie kienyeji, hasa kama unatumia dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti. Vikikutana, presha inaweza kuanguka vibaya.

Umesema mkeo naye anavuta na mnatafuta mtoto. Kwake homoni zinaguswa kweli: moshi hubadilisha namna mwili unavyovunja estrojeni (homoni ya kike), hupunguza uwezo wa kushika mimba, na wavutaji hukoma hedhi mapema, kwa kawaida mwaka 1 hadi 2. Baadaye akitaka uzazi wa mpango na amefikisha miaka 35, amwambie mhudumu kwamba anavuta, maana vidonge vyenye estrojeni vitamweka kwenye hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Kwa upande wako, mbegu huchukua kama miezi 3 kutengenezwa hadi kutoka, kwa hiyo ukiacha leo usikimbilie kipimo cha mbegu mwezi ujao.

Majibu yakitoka yaweke hapahapa tuyaone, hasa ya sukari.