Kitufe cha "Sawa" Kilichokuwa Pambo Tu

Mwaka juzi nilitengeneza tovuti ya lodji moja ndogo ya Moshi. Mwenyewe ni mama wa makamo, ana vyumba vinane, na wageni wake wengi ni wapanda mlima kutoka Ujerumani na Uholanzi. Nilipomaliza kazi nikabandika na kile kibango cha chini: "Tovuti hii inatumia vidakuzi" (vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari cha mgeni ili imkumbuke), kitufe kimoja, "Sawa". Nilikiweka kwa sababu nilikiona kwenye tovuti za wenzangu. Basi.

Miezi kadhaa baadaye akanipigia. Sijamaliza hata shikamoo, akanikatiza: "Mwanangu, kuna Mjerumani kaandika barua pepe ndefu. Haulizii chumba, anauliza kwa nini tunamfuatilia. Sisi tumemfuatilia lini?"

Nilicheka. Nikafungua tovuti kwenye dirisha fiche la kivinjari, nikabonyeza F12, kitufe kinachofungua zana za kukagua tovuti, nikatafuta orodha ya vidakuzi. Hapo kicheko kikaisha. Kibango kilikuwa bado kinaniuliza "Sawa?", sijagusa kitu, na tayari kulikuwa na _ga, cha takwimu za Google, chenye uhai wa miaka 2, kulikuwa na _fbp, cha Facebook, cha siku 90. Mtu anapiga hodi huku keshakaa kwenye kochi na soda mkononi.

Kidakuzi chenyewe hakina ubaya. Kilibuniwa 1994 na Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha enzi hizo, ili duka la mtandaoni likumbuke mteja ameweka nini kikapuni. Cha kukumbuka kikapu, lugha uliyochagua, au kwamba umeshaingia kwenye akaunti, hata Ulaya hakiombewi ruhusa. Kinachoombewa ni cha takwimu na matangazo, na ruhusa hiyo lazima itangulie. Msingi wake ni maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2002 yaliyokazwa 2009, kisha GDPR, sheria ya Umoja huo ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, ikafafanua ridhaa ni kitu gani. Oktoba 2019 mahakama ya Umoja huo ikasema kisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa taarifa, CNIL, ikatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali kulikuwa mbofyo mmoja na kukataa kulikuwa safari.

Utaniambia, sisi tuko Moshi, hayo yanatuhusu nini? GDPR inamfikia hata aliye nje ya Ulaya, ilimradi anawauzia bidhaa au huduma watu walioko huko. Tovuti ya mama ina ukurasa wa Kijerumani na bei za euro. Hapo hakuna pa kujificha. Kusema kweli sidhani kuna ofisa atakayepanda ndege kuja kumdai. Ila mgeni akikutilia shaka kwenye jambo dogo kama hili, namba ya kadi yake hakupi. Na nyumbani nako Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu 1 Mei 2023, na tume yake ipo. Wenzetu wa Kenya wana yao tangu 2019.

Nilikwenda kwa mama na swali moja. "Zile takwimu za wageni wa tovuti, huwa unaziangalia?"

"Takwimu zipi?"

Swali hilo ndilo ningekushauri uanze nalo, kabla hujatafuta kibango kizuri zaidi. Tulikuwa tunawafuatilia watu kwa ajili ya ripoti ambayo hakuna aliyewahi kuifungua. Nikaiondoa. Pikseli ya Facebook, kile kipande cha msimbo kilichokuwa kikiweka _fbp, nikaitoa pia, maana matangazo ya kulipia alishayaacha zamani. Ramani ya Google nikaibadilisha kuwa picha yenye kiungo. Fonti, yaani mitindo ya herufi, zilizokuwa zikivutwa kutoka kwa Google, nikazihamishia kwenye seva yetu: Januari 2022 mahakama ya München iliamuru mwenye tovuti amlipe mtembeleaji euro 100 kwa sababu fonti hizo zilipeleka anwani yake ya IP, namba inayotambulisha kifaa chake mtandaoni, kwa Google bila ridhaa. Mwisho kikabaki kidakuzi kimoja tu, cha lugha. Kibango nacho kikaondoka, hakikuwa tena na kazi. Na tovuti ikawa nyepesi kwenye simu, jambo ambalo mama alilifurahia kuliko habari zote za Ulaya.

Kama biashara yako kweli inategemea matangazo, utahitaji kibango cha kweli, kinachozuia skripti, yaani vipande vya msimbo vinavyoweka vidakuzi hivyo, mpaka mtu abonyeze. Plagini (programu ndogo za kuongezea kwenye tovuti) kadhaa za bure nilizojaribu zinaonyesha maandishi tu, hazizuii lolote. "Kataa" ikae kando ya "Nakubali", ukubwa uleule, rangi ileile. Usiifiche kwenye ukurasa wa pili kwa kijivu hafifu. Weka na kiungo chini ya ukurasa ili aliyekubali aweze kugeuza mawazo. Kisha bonyeza Kataa wewe mwenyewe, fungua F12, uangalie nini kimeingia. Usimwamini fundi wako. Fundi mwenyewe nilikuwa mimi.

Mjerumani tulimjibu kwa kumwomba radhi na kumweleza tulichotoa. Lakini nikiwa humohumo nikaona kingine: fomu ya kuweka nafasi inamtaka mgeni atume picha ya pasipoti, picha inaingia kwenye barua pepe ya lodji, mpokezi anamrushia dereva WhatsApp ili amtambue mgeni uwanja wa ndege. Hapo hakuna kibango wala kitufe. Kipengele hicho nimekiondoa kwenye fomu, ila dereva bado anazo pasipoti za wageni wa mwaka jana kwenye simu yake, katikati ya picha za harusi ya dada yake, na Jumamosi nakwenda kukaa naye tuzifute moja moja.