Atachimenti Mombasa haipatikani kwa imeli

Ndugu yangu mdogo ameingia mwaka wa tatu chuoni na swali lake ni lile lile lililoninyima usingizi mimi, atachimenti, yaani yale mafunzo ya kazini ya mwanafunzi wa chuo, yapatikana vipi hapa Mombasa kama huna mjomba ofisini. Nimemweleza mpaka koo limekauka, basi wacha niandike nawe usome.

Mimi nilisoma lojistiki, na kama kila mtoto wa Likoni anaesoma hayo, akili yangu yote ilikuwa bandarini ng'ambo ya pili, kila siku naiona nikivuka feri. Januari nikatuma imeli kumi na mbili, zote kwa yale majina makubwa makubwa, nikajibiwa moja tu nayo ilikuwa ile ya kompyuta ya "tumepokea ombi lako". Sisemi msiombe huko. KPA kwa mfano, hao wa mamlaka ya bandari, wana utaratibu wao wa kuomba mtandaoni, ombeni huko huko, msiende kusimama getini na bahasha ya kaki mkafikiri askari atawaonea huruma. Lakini ukishaomba sahau, anza kutembea.

Na kutembea kwenyewe ni Februari, joto la kaskazi, bahasha imeloa jasho mpaka wino wa jina langu umetapakaa. Nunua faili la plastiki jamani, shilingi chache tu. Ndani weka barua ya chuo, CV ya ukurasa mmoja (una miaka 21, kurasa tatu za nini?), kopi ya kitambulisho na barua ya bima. Hiyo bima msiichezee, kuna ofisi hawakuruhusu hata kukaa kitako bila hiyo, na mimi ya kwangu chuo kilinizungusha wiki tatu, mara mtu wa kusaini hayupo, mara muhuri umefungiwa kwenye droo. Anza kuidai mapema.

Siku ya pili ya kuzunguka nikaliwa pesa. Kijana mmoja stejini, mtanashati, ati ana mtu wake ndani, nitoe elfu tatu tu ya "kusukuma faili". Nikatuma kwa M-Pesa, na simu yake mpaka leo haipatikani. Atachimenti hainunuliwi, anaekuomba pesa hana kazi ya kukupa, na mamangu mpaka leo hajui zile pesa zilikwenda wapi kwa hivyo nyamazeni.

Sasa nije kwenye penyewe. Nilipochoka na majina makubwa nikaanza kupanda ngazi za zile ofisi ndogo za kliaringi na fowadingi, wanaowatolea watu mizigo bandarini, zile za ghorofani huko Moi Avenue ukishapita Mapembeni, mlango una kibao kimefifia na feni inalia. Moja niliingia nikakuta mama wa risepsheni na mzee yuko kwenye simu anagombana na mtu kuhusu kontena, na viti vyote vimejaa mafaili. Mama akaniambia, "Binti, yatoe hayo ukae." Nikayatoa, na kwa kuwa mzee hamalizi simu nikawa nayapanga kwa tarehe, si ujanja, mikono yangu tu haina adabu. Mzee kukata simu akauliza nani ameyagusa mafaili yake. Nikajua leo natolewa mbio. Akachukua moja, akatazama la chini yake, akasema, "Kesho waweza kuja?" Nikamwambia mzee wangu mimi ni Mei mpaka Agosti, akasema basi Mei, acha barua kwa mama hapo.

Baadaye ndo nikaelewa. Ofisi ile ilikuwa na watu tisa, 2019 serikali ilipoamuru makontena yapande SGR, ile reli mpya ya Nairobi, yakatolewe ushuru bara, wakabaki watatu. 2022 Rais Ruto akasema kazi hiyo irudi Mombasa, ikarudi kweli, lakini mzee hakuwa na pesa za kuajiri tena wale sita. Kazi ipo, mikono hakuna. Mahali pa namna hiyo ndo pakutafuta, uwe unasoma uhasibu au IT, tafuta palipo na mafaili kwenye viti. Wa hoteli nyinyi jueni Mei ni losizini, wageni hakuna, wafanyakazi wenyewe wa Nyali na Bamburi wapewa likizo, kwa hivyo kama chuo chaweza kuwabadilishia miezi ombeni Desemba.

Ukiingia ofisi ya watu usiulize "kuna nafasi?", jibu la swali hilo ni "hakuna" kabla hujafunga mdomo. Salimia kwanza, salimia vizuri, kisha sema wasoma nini, wajua kufanya nini (mimi nilisema Excel), kuanzia lini mpaka lini, na bima unayo. Mwenye ofisi asikuone mzigo. Na Ijumaa usiende saa sita, watu wajitayarisha kwenda msikitini, nenda asubuhi saa tatu wakiwa washakunywa chai. Ukiambiwa rudi wiki ijayo, rudi. Mimi nilirudi pale mara mbili kabla ya Mei, kusalimia tu, mama wa risepsheni akawa ashanizoea na yeye ndo alomkumbusha mzee, kwani mzee alikuwa kashasahau.

Mshahara hakuna, tusidanganyane. Mwezi wa kwanza nilijilisha viazi karai, bahati feri kwa miguu ni bure, mwezi wa pili mzee akaanza kunipa 200 kwa siku ya nauli.

La mwisho ni logibuku, lile daftari la kuandika kazi ulizofanya. Isainiwe kila wiki, usilimbikize. Mimi nililimbikiza, mzee akaugua, na mwalimu wa chuo anakuja kukagua Jumatatu, nikamfuata mzee Jumapili nyumbani kwake Kibokoni, nikamkuta barazani na kikoi na kikombe cha kahawa tungu, akanisainia wiki tano mfululizo huku anauliza yale mafaili ya Julai nimeyaweka wapi.