Jibu: Lamu, nimezunguka mchana mzima nikapata chipsi tu

Salaam ndugu. Unasema upo Mkomani, umetafuta mbaazi na mahamri saa nane mchana ukaambulia chipsi. Kabla ya kuulaumu mtaa, angalia saa kwanza. Mbaazi za nazi na mahamri ni chakula cha asubuhi. Toka saa kumi na mbili na nusu. Ukichelewa hadi saa nne, huenda ukakuta sufuria inasuguliwa. Hamri zuri ukilipasua lina uwazi ndani na linanukia iliki. Likiwa zito na limenyonya mafuta, basi mafuta hayakupata moto wa kutosha. Nenda kwa mwingine.

Mbaazi zilizokaa nje hadi jioni usizinunue hata ukipunguziwa bei, maana tui huchacha upesi kwa joto la pwani.

Baada ya Magharibi teremka Mkunguni, mbele ya ngome, uulizie mishkaki na viazi karai. Simama kwa anayekaanga huku ukimwona, na ukwaju uwekewe pembeni: viazi vikimwagiwa mapema, ganda la unga hulainika. Ramadhani usihangaike mchana, subiri futari.