Ufunguo wa siri tunao, hatari iko wapi?

SWALI: Tunaendesha klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ya Pacemaker 1.1.14, programu inayosimamia huduma kwenye seva hizo, yenye nodi, yaani seva, kadhaa za mbali. Mkaguzi wa usalama ameandika kwamba tuna udhaifu wa CVE-2016-7797 (namba ya kutambulisha kasoro ya usalama iliyotangazwa). Lakini nodi zetu zote zina ufunguo wa siri, na asiye nao hawezi kujiunga. Je, tuna sababu ya kuhofu?

JIBU: Ndiyo, mnayo. Ufunguo ulio kwenye /etc/pacemaker/authkey unafanya kazi yake: asiye nao hatatoa amri wala kuchukua data. Kasoro iko kwenye mfuatano wa hatua. Nodi ya mbali husikiliza kwenye poti ya TCP 3121 (mlango wake wa mtandao), na katika matoleo ya kabla ya 1.1.15, muunganisho mpya ambao haujathibitishwa unaweza kuukata ule wa klasta uliokuwa ukifanya kazi. Mgeni atakataliwa, sawa, lakini mwenyeji keshatolewa nje.

Madhara yake si madogo. Klasta ikipoteza mawasiliano na nodi, haina njia ya kujua kama nodi imekufa au bado inaendesha huduma. Kwa hiyo, kwa kawaida, huizima kwa nguvu, huduma ile ile isije ikaendeshwa mahali pawili na kuharibu data. Yaani mdukuzi asiye na nenosiri lolote anaifanya klasta yenu izime seva zake yenyewe.

Leo hii fungeni poti 3121 kwenye faiwoli (kichujio cha mtandao), ibaki wazi kwa nodi za klasta tu. Kisha sasisheni, na msiishie 1.1.15: toleo la 1.1.16 liliziba pia CVE-2016-7035, inayohusu mtumiaji aliye ndani ya seva kujipatia mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa seva.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kwenye toleo lenu, huduma ya pacemaker_remote, inayoendeshwa kwenye nodi ya mbali, ikisimama ghafla, hata kwa sababu ya kusasisha, klasta huhesabu kuwa nodi imeanguka na kuizima. Itoeni kwanza kwa `pcs resource disable` mkitaja jina la rasilimali ya nodi hiyo, sasisheni, ndipo mwirudishe. Fanyeni moja moja.

Mkaguzi akidai toleo lenu jipya bado ni la zamani, msibishane kwa namba. Wasambazaji wa Linux hurudisha marekebisho kwenye matoleo ya nyuma bila kubadili namba kuu. Mwonyesheni kumbukumbu za kifurushi kwa `rpm -q --changelog pacemaker`.