Bustani ya Roshani: Barua zenu kuhusu mmea wa mtungi

Tangu niandike hapa kuhusu Nepenthes, ule mmea wa mtungi unaonasa wadudu, barua hazijakatika. Nyingi zinauliza jambo lile lile: mbona mitungi inakauka? Kwa hiyo barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, na aliye na shida kama hiyo aisome kana kwamba ni yake.

*Hujambo Mwalimu. Niko Kilimani, Nairobi, ghorofa ya saba. Januari nilinunua mmea wa mtungi ukiwa na mitungi sita mizuri yenye mdomo mwekundu. Sasa yote imekauka kuanzia juu, ncha za majani zimekuwa kahawia, na majani mapya yanatoa kikamba tu mwishoni bila mtungi. Maji ya bomba nayachemsha kwanza, kisha yakipoa namwagilia. Nimetia mbolea ya DAP kidogo pia. Roshani inapata jua la mchana hadi jioni. Nisaidie kabla haujafa. — Msomaji, Kilimani*

Sijambo, mwanangu, na pole. Kabla ya kusoma zaidi, nenda ukaangalie ukingo wa chungu na uso wa udongo. Ukiona ukoko mweupe, ukwaruze kwa ukucha. Ukitoka kama unga, hiyo ni chumvi ya maji ya kisima, na hapo ndipo mmea wako unapoumia.

Majengo mengi ya Kilimani yana kisima chake. Kanjo, yaani watu wa jiji, wakifungulia maji siku ya mgao, yanaingia tangi lile lile la juu, na lori la maji likija siku ya shida, nalo linamimina humo humo. Wewe unafungua bomba bila kujua leo unapata yapi. Maji ya kanjo yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua yanashuka kutoka misitu ya Aberdare na ni laini; mmea huu unayapenda, mradi yalale usiku mmoja kwenye ndoo wazi ili klorini ipungue. Maji ya visima vingi vya Nairobi yamekaa ndani ya miamba ya volkano na kubeba sodiamu, floridi na vinginevyo. Mchicha hauyajali. Nepenthes, ambayo mizizi yake imezoea maji ya mvua na udongo usio na kitu, inaungua polepole, kuanzia nchani.

Kuchemsha hakukusaidii hapa. Mvuke unaondoka, maji yanapungua, chumvi inabaki sufuriani, kwa hiyo unamwagilia maji mazito kuliko yaliyotoka bombani. Acha kabisa.

Tafuta kipima chumvi cha maji, kile kijiti cha betri unachochovya na kusoma namba. Wanaouza samaki wa mapambo na vifaa vya kuchuja maji huwa nacho. Kikisoma chini ya sehemu 50 kwa milioni, mwagilia bila wasiwasi. Kati ya 50 na 100 mmea utavumilia, ila kila baada ya majuma machache uusuuze kwa maji mengi masafi yapite mpaka chini. Ikizidi hapo, hayo peleka kwa sukumawiki.

Maji mazuri utayatoa wapi? Masika yakianza Machi, weka ndoo kwenye roshani au mwombe kea, mtunza jengo, akuruhusu kukinga kwenye mfereji wa paa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, kwa sababu inaosha vumbi na moshi wa miezi miwili. Kinga ya pili na kuendelea, tia kwenye jerikeni safi, funika, weka kivulini. Mvua za vuli za Oktoba hadi Disemba zitakujazia tena. Mmea mmoja haunywi sana. Jerikeni chache za lita 20 zinavusha kiangazi. Zikiisha, nenda duka la kujaza maji ya kunywa, lakini nenda na kijiti chako, maana wengine huchuja vizuri kisha wakarudisha madini ili maji yawe na ladha.

Sasa DAP. Nitasema bila kuzungusha: mbolea ya shambani kwenye mizizi ya mmea huu ni sumu. Kwao, katika milima ya Borneo, Sumatra na Ufilipino, unaota penye uhaba mkubwa wa nitrojeni, ndiyo maana ukajifunza kuitafuta kwa wadudu. Usiusuuze tu, uhamishe. Toa udongo wote wa zamani kwa upole, kwa sababu mizizi yake ni myeusi, myembamba na inakatika upesi, kisha panda upya kwenye chungu cha plastiki. Tumia pumisi, yale mawe mepesi ya volkano ya upande wa Naivasha, uchanganye na makapi ya nazi na vipande vya magome ya msonobari. Makapi ya nazi yaloweke na kuyakamua mara kadhaa kwanza, kwani mengi hutoka Pwani yakiwa na chumvi. Usitie udongo mwekundu, usitie samadi hata kiganja.

Kuhusu jua: la asubuhi mpaka saa nne au saa tano ni zuri mno. La alasiri linalopiga ukuta wa saruji na kurudi linaoka majani. Kumbuka pia kwamba Nairobi iko karibu sana na ikweta, kusini yake kidogo tu. Katikati ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini, na Disemba linapita kusini, hivyo roshani yenye kivuli Juni yaweza kuwa tanuri mwezi wa Disemba. Neti ya kivuli ya kufunga na kufungua itakutosha.

Na mitungi? Iliyokauka hairudi. Kila jani hutoa mtungi mmoja tu maisha yake yote, kwa hiyo tumaini lako liko kwenye majani yajayo. Vile vikamba visivyovimba husababishwa na hewa kavu ya Januari na Februari, tena ghorofa ya saba upepo hauchoki. Usogeze mmea ukutani, uuzungushie mimea mingine, weka chini yake sinia ya kokoto yenye maji ambayo hayagusi kitako cha chungu. Kunyunyiza kwa chupa kunasaidia kwa dakika chache tu. Mpe miezi. Ukiona jani jipya limetoka kijani mpaka nchani, maji yamekubali.

Usikate tamaa na mji wetu. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, mchana joto la kiasi, usiku baridi, na aina za milimani zinataka hivyo hasa. Kuna watu ng'ambo wanaolipia umeme ili wapate usiku kama wa Lang'ata.

*Mwalimu, naishi Embakasi na mbu wananimaliza. Mmea huu utawala? Na mtoto wangu wa miaka mitatu akiugusa? — Mama wa mtoto mmoja*

Mama, nunua neti. Mmea huu hunasa hasa sisimizi na nzi, kwa sababu wanafuata utomvu mtamu ulio chini ya kifuniko na kwenye mdomo wa mtungi. Mbu akiingia ni bahati yako.

Mtoto akigusa hatadhurika, ila mtungi utaumia. Mwonyeshe badala ya kumkataza. Asubuhi baada ya kumwagilia, mkaribishe kwenye mdomo wa mtungi aone ule ukingo wenye mistari midogo midogo, imepangana kuelekea ndani. Ukiwa mkavu, sisimizi anapita juu yake akila bila shida. Ukilowa, maji yanatandaa kwenye mistari ile, miguu yake haipati pa kushika, anateleza moja kwa moja. Nimewahi kumwona mmoja akizunguka ukingo mzima salama, akarudi kuita wenzake, na umande ulipotanda wakaanza kuanguka. Watoto huuliza maswali mazuri sana hapo.

*Mtungi wangu ulifika ukiwa mtupu, maji yalimwagika njiani. Nijaze? Na nikipika nyama naweza kuudondoshea kipande? — Msomaji, Ruaka*

Jaza maji masafi kidogo, theluthi moja ya mtungi, basi. Yale ya asili mmea hutengeneza wenyewe hata kabla kifuniko hakijafunguka, yakiwa na asidi na vimeng'enya vya kumeng'enya wadudu. Mitungi mipya itakuja nayo.

Nyama hapana, maziwa hapana, mayai hapana. Huoza, mtungi ukaoza nao. Ukiwa roshani utajitafutia. Ukiwa ndani ya nyumba pasipo wadudu, subiri kumbikumbi watoke na mvua, mkaushe mmoja, mtie mtungi mmoja, kisha uache.

*Mwalimu, kaka yangu yuko Ujerumani na atakuja Disemba. Nataka aniletee Nepenthes rajah, nimesikia mtungi wake unabeba zaidi ya lita mbili. Anaweza kuutia begini? — Msomaji, South C*

Tafadhali asiutie begini. Nepenthes zote zimo katika mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini, na rajah, pamoja na khasiana ya India, ziko kwenye orodha kali kabisa, ile ya kwanza. Mbali na vibali vya CITES, unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, uombe kabla mmea haujaondoka kule, na kaka yako apate cheti cha afya ya mmea huko Ujerumani. Bila hivyo mmea utachukuliwa uwanja wa ndege, na ni haki: mdudu mmoja wa mizizi anaweza kuingia hapa na kumaliza mashamba ya watu.

Hata kwa vibali vyote, nisingekushauri uanze na rajah. Ni wa mlima Kinabalu na Tambuyukon jirani yake, huko Sabah, Malaysia, kuanzia mita 1,500 hivi kwenda juu, penye ukungu usiokatika. Baridi yetu utaipenda, Februari yetu haitamfaa, na hukua polepole mno. Anza na ventrata, chotara wa Kifilipino anayevumilia mengi. Ukienda kwa wauza miche wa Ngong Road au Kiambu Road ukaukuta, uliza unaitwaje. Wakikutajia bicalcarata au ampullaria, hizo ni za mabonde ya joto. Julai ya Nairobi itazitesa, afadhali umpelekee shangazi yako Mombasa.

*Bara letu lina mmea huu porini? — Mwanafunzi, Kasarani*

Bara kuu halina. Visiwani upo: Madagaska ina aina mbili, na Ushelisheli ina Nepenthes pervillei. Ule wa Madagaska uliandikwa na Mfaransa Étienne de Flacourt mwaka 1658, na ndiyo maandishi ya kwanza yanayojulikana ya Wazungu kuhusu mmea huu. Uliza maktaba ya shule ikutafutie ramani ya Bahari ya Hindi, uweke alama visiwa hivyo, Sri Lanka, kisha Borneo. Halafu niandikie unavyodhani ulivukaje. Barua yako nitaichapisha hapa.